Viraka Vitatu Ukutani

Tulihamia Mtaa wa Viazi mwezi wa tisa,
nyumba ya mbao iliyoinama bega moja,
kwenye kitongoji cha Tartu ambacho mitaa yake
imepewa majina ya vitu vya kutia chunguni:
Maharage huku, Njegere kule, sisi Viazi.
Urmas akasema, angalau hapa hatutalala njaa.

Mimi nilitaka weupe.
Weupe wa maziwa, si wa hospitali,
mbao za msonobari zisizopakwa kitu,
kiti kimoja, taa moja, blanketi moja la sufu
lililotupwa kitini kana kwamba
hakuna aliyefikiria namna ya kulitupa.
Nililitupa mara kumi na moja.
Kila mara lilionekana limefikiriwa.

Urmas alitaka nyumba ya bibi yake Leida:
kabati jeusi kama mkate wa kwao,
mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee,
na lile zulia la kuning'inizwa ukutani,
kulungu ameinamia kijito, anakunywa
tangu kabla hatujazaliwa, na kiu haijamwisha.

"Chumba chako," akaniambia, "ni cha kungojea daktari."
"Na chako," nikamjibu, "ni duka la rehani."
Chai ikapoa. Hakuna aliyeigusa.

Ndipo Valve wa ghorofa ya chini akabisha,
kwapani ana zulia la matambara alilolifuma mwenyewe:
mstari wa shati la mumewe, mstari wa shuka,
mstari wa sare ya kiwanda
ambacho siku hizi ni maegesho ya magari.
Halikuwa la kwangu, halikuwa la Urmas.
Alilitandika, akalikanyaga mara mbili
kama anayejaribu barafu, akaaga.

Tukapaka viraka vya kujaribia, juu ya jiko la vigae:
cha maziwa, changu;
cha mkate, chake;
na cha tatu, kijani cha mnanaa uliokaushwa,
ambacho mpaka leo hakuna anayekiri kukinunua.
Tukasema, tuvitazame kwa mwanga wa mchana.
Lakini ulikuwa mwezi wa kumi na mbili.
Mchana ulikuja saa tatu, ukaondoka saa tisa,
haukuvua hata koti.

Kisha baridi ikashuka hadi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
mabomba yakanyamaza,
chumba cha kulala kikatufukuza.
Tukaburuta godoro mpaka jikoni kwenye vigae,
tukapigilia mapazia ya Leida madirishani,
tukakunja zulia la Valve kuziba ufa wa mlango.
Urmas akamshusha kulungu, akatufunika naye.
Usiku kucha kuni zilisemezana.
Hakuna aliyeuliza nini kinaendana na nini.

Asubuhi nilifungua macho, pua tu ikiwa nje,
nikaliona blanketi langu la sufu
limening'inia ukingoni mwa kiti, nusu sakafuni,
limejitupa lenyewe, sawasawa
na nilivyolitaka tangu siku ya kwanza.
Sikumwamsha mtu. Nililitazama tu.

Nyumba njema si mlango, husema watu;
nami naongeza kwamba si rangi pia,
ingawa rangi naipenda, nisijifanye mtawa.

Dada yangu Kairit, akija kutoka Tallinn,
husimama mbele ya vile viraka, kichwa upande:
"Huu ni mtindo gani? Nimeuona wapi?"
Urmas humjibu, "Bado tunachagua."
Mwaka wa sita sasa.

Jana nimenunua brashi mpya.
Nimeiweka ndani ya kabati jeusi
ambalo mlango wake hulia kama paka aliyekanyagwa mkia,
na ambalo, siku Urmas alipotaka kulitia mafuta,
nilimwambia aache.